Msimu Walioniita Jogoo

Machi 5

Mvua za msimu zimeanza jana, na jana hiyohiyo sauti yangu imenikatikia mbele ya ukumbi uliojaa. Usiku huu wa manane naandika nimekaa kitandani, gauni la jukwaani limetundikwa mlangoni linachuruzika maji, kwa sababu nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka mtu anipe lifti halafu anihurumie njia nzima.

Nieleze ilivyokuwa, maana kesho kila mtu atakuwa na yake. Nimeimba na bendi ya ukumbi huu tangu mwanangu yuko tumboni, na sasa mwanangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anasahihisha madaftari kwenye meza yetu ya kulia. Wimbo ulionipa jina ni "Nishikie Mlango". Tunaupiga wawili tu, mimi na mpiga kinanda wetu tunayemwita Vidole. Wenzetu wa gitaa na ngoma hushuka kwenda kunywa maji. Ubeti wa tatu una mahali pa juu, pale ninaposema "usifunge", na wapo watu wanaolipa kiingilio kwa ajili ya mahali hapo pekee.

Jana aliyenitangulia ni Chiriku, yule binti mpya mwenye sauti nyembamba. Sasa kinanda cha umeme kina kitufe kinachopandisha muziki wote au kuushusha, na mpigaji habadili vidole hata kimoja. Vidole alipandisha ngazi mbili kwa ajili ya Chiriku, akasahau kuzirudisha.

Nilisikia mara tu alipoanza, kabla sijafungua kinywa. Ningeinua mkono tu, angesimama, tungeanza upya, watu wangecheka kidogo yakaisha. Lakini mimi sijawahi kusimamisha wimbo mbele za watu. Nikajiambia, ngazi mbili tu, nitazifikia. Ubeti wa kwanza nikapita. Wa pili nikapita huku jasho linanitoka. Kwenye "usifunge" sauti ikapasuka, kikatoka kitu ambacho sijui nikiite nini. Ukumbi ukanyamaa. Halafu mtu wa nyuma akawika: kokorikoo! Watu wakaangua kicheko mpaka viti vikalia.

Nilimaliza wimbo. Hilo liandikwe. Niliimba mpaka neno la mwisho, nikainama, nikatoka taratibu kwa mlango wangu. Nilipogeuka nikamwona Vidole anabonyeza kile kitufe polepole, kama mtoto anayerudisha kabatini kikombe alichokipasua. Kwa hiyo anajua. Na hakuniangalia.

Machi 6

Mvua. Simu haijalia.

Machi 8

Mwanangu ameingia jikoni na simu kaificha mgongoni. "Mama, leo usiingie mtandaoni, nakuomba." Hakuna maneno yanayomtuma mtu mtandaoni haraka kama hayo. Nikamnyang'anya.

Ni kipande kifupi, pale penyewe tu. Mtu amebandika kichwa cha jogoo juu ya changu, na kila nikifika "usifunge" mdomo wa jogoo unafunguka. Chini yake maoni hayana mwisho. "Bibi akalee wajukuu." "Nirudishiwe kiingilio changu." "Huyu si alishakufa?" Huyu wa mwisho nilitaka kumjibu kwamba bado nipo na aje anipime mapigo ya moyo. Mwanangu akanishika mkono.

"Na wajukuu wenyewe sina," nikamwambia, "kwa hiyo mwenye kosa ni wewe."

Akacheka, kisha akaanza kulia, ikabidi mimi niliyechekwa ndiye nimbembeleze yeye.

Machi 9

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni amekipata. Mwaka jana mwanamume huyu alinishika mikono miwili mbele ya watu akasema sauti yangu ni mali ya wote. Leo amecheza kile kipande mara nyingi kuliko tangazo la sabuni, na kila kikiisha anapenyeza mlio wa jogoo halisi. "Mama Jogoo, tuamshe!" Basi nimeshabatizwa. Duka la mkate, saluni, gereji ya jirani, kote redio ni hiyohiyo, na kila ninapopita mtu anaipunguza sauti kwa adabu kisha anaiongeza nikishapita.

Machi 10

Nimewikiwa kituo cha basi na mtu mzima mwenye mkoba na tai. Nimepita kichwa juu.

Machi 13

Mazoezi ya kwanza tangu siku ile. Nilivaa vizuri kuliko kawaida, na hereni kubwa, mtu asije akadhani nimesinyaa. Mpiga gitaa akaniamkia huku anatazama nyaya zake. Mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida hakosi la kunitania, alikuwa na heshima zote za msikitini na kanisani. Hakuna aliyegusia neno. Vidole hakuja, ametuma ujumbe kwamba anaumwa.

Najua wananipenda, siwasingizii. Wanaogopa tu kusema kitu kibaya, basi hawasemi chochote. Lakini ningefiwa wangekuja na viti na maturubai. Nimechekwa na mji mzima, hakuna aliyenijia hata na mwavuli. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya kile kioo chenye balbu mbili zilizoungua, nikasikia kupitia ukutani wanavyoanza kucheka tena mara tu nilipotoka. Walikuwa wanacheka jambo lao lingine kabisa, nina hakika. Hata hivyo iliniuma.

Machi 14

Mvua. Nimefua mapazia, nikakosa pa kuyaanika.

Machi 17

Meneja wa ukumbi ameniita ofisini. Huyu bwana ana kawaida ya kukukaribisha kiti halafu yeye abaki amesimama. Amesema tiketi za usiku wa kufunga msimu zimeanza kwenda haraka, haijawahi kuwa hivyo.

"Wanakuja kunisikiliza au kunicheka?"

"Mama, tiketi haina mahali pa kuandika sababu."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda, siku ile ilikuwaje hasa. Kuna mtu alikosea? Kwa sababu yeye, alisema, anafikiria msimu ujao waachane na bendi. Muziki umesharekodiwa, upo kwenye kisanduku kidogo kama kiberiti, hauli, hauchelewi, haulewi. Vinanda siku hizi vinajipiga vyenyewe. Anachokosa ni sababu ya kuwaambia wenye ukumbi.

Nikaona mtego ule wazi kabisa. Nikimtaja Vidole, jina langu linasafishwa kesho asubuhi, na bendi inakwenda na maji.

"Sauti yangu ilikatika," nikamjibu. "Hutokea. Ndiyo maana inaitwa sauti, si bomba la chuma."

Nimetoka pale najiona mkubwa. Nimefika nyumbani najiona mjinga. Nimelala najiona mkubwa tena.

Machi 18

Vidole bado "anaumwa". Kama ni koo, nimpelekee tangawizi.

Machi 21

Chiriku amekuja kwangu. Hajawahi kufika hapa, na nikiri kwamba kichwani mwangu sijawahi kumwita Chiriku, namwita Binti Ngoja-Aondoke, kwa vile alivyo na kawaida ya kusimama nyuma ya pazia nikiimba, ananikodolea macho. Viatu vyake vilikuwa chepechepe. Aliketi ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kudungwa sindano.

"Dada, kinanda kilikuwa kwenye ngazi yangu. Nilisikia palepale."

"Umemwambia nani?"

"Bado. Ila leo nitaandika mtandaoni, watu wajue ukweli."

"Ukiandika hata herufi moja, mimi na wewe tusijuane."

Nikamweleza habari ya Meneja na kisanduku chake. Akawa anazungusha kikombe cha chai. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza tangu siku ile: "Na wewe unalalaje, Dada?"

Nikasema nalala vizuri. Akanitazama. Nikasema silali.

Hapo akafunguka, na jina la Chiriku likamfaa. Anasoma maoni yote ya watu juu yake, kila asubuhi, kabla hajaweka mguu chini. Mtu mmoja aliandika mwaka jana kwamba ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na hadi leo akipanda jukwaani anamsikia mtu huyo kwanza kabla ya kinanda. Mama yake anajivunia picha zake, rafiki zake wanamwomba tiketi za bure. "Nimwambie nani? Wote wanaamini nina raha." Anasimama nyuma ya pazia nikiimba kwa sababu, alisema, anataka kuona mtu asiyeogopa anafananaje.

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu ajiunge nasi nimekuwa nikimwonea wivu mtoto anayekuja kujikinga mvua kwangu. Nilimwambia ukweli kwamba ninaogopa kila siku, toka siku ya kwanza, na kwamba hereni kubwa ndiyo dawa pekee ninayoijua. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Machi 22

Nimempa Chiriku hereni za shaba. Zinampwaya, lakini kaondoka nazo masikioni.

Machi 26

Vidole amekuja. Mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunapigiana kelele kama wagomvi kabla hata hatujagombana. Alisimama kizingitini na kofia mkononi, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Bibie."

"Umepona?"

"Sikuumwa."

"Najua. Ingia, unanijazia maji sebuleni."

Aliingia lakini hakukaa. Akasema kesho anakwenda redioni kusema kwamba kosa ni lake. Nikamwambia haendi popote. Akasema kitufe ni chake. Nikasema koo ni langu, na kwamba nilisikia tangu mwanzo nikaendelea kwa hiari yangu.

Hapo ndipo alipokaa. "Ulisikia? Ulisikia, halafu ukanyamaza wiki zote hizi?"

"Nakukinga, mzee. Meneja anatafuta sababu ya kuwatimua, nami sitampa."

Nilitegemea ashukuru, nisidanganye. Vidole, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa dereva wa basi, alipiga kofia yake mezani mpaka madaftari ya mwanangu yakaruka.

"Nani alikuomba? Kila asubuhi nasikia yule jamaa anavyokuwikia. Nazima redio, mke wangu anawasha, hajui kitu, anacheka, na mimi nacheka naye! Usingizi sina. Kinanda sijakigusa tangu siku ile. Wewe unapita mjini kichwa juu, shujaa. Mimi umeniachia nini? Niishi kwa huruma yako mpaka nife?"

Nami sikubaki nyuma. Nilimpa vidonge vyake: kwamba mimi ndiye ninayewikiwa, si yeye, na kwamba mwenye adabu angekuja siku ya pili, si baada ya wiki tatu. Nikamfungulia mlango. Akaenda, mvua yote ile, kofia mkononi, hata hakuivaa.

Nimekaa mpaka chai imepoa. Nina hasira naye bado. Lakini kuna neno lake limenikwama. Ni kweli nilitaka aibu yote iwe yangu, nisimgawie mtu, kwa sababu kuibeba peke yangu kulinifanya nijione mrefu. Na huku mwenzangu anakufa polepole mitaa michache kutoka hapa, akicheka na mkewe.

Machi 27

Nimempigia. Hakupokea.

Machi 29

Hakupokea kwa sababu alikuwa kwa Meneja. Amesema yote mwenyewe, kitufe, ngazi mbili, kila kitu. Meneja amemshukuru kwa ukweli wake, akampa mkono, na kabla chai haijaletwa akanipigia mimi simu niende.

Mpango wake alishauandaa. Usiku wa kufunga msimu itachezwa ile rekodi yangu ya zamani ya "Nishikie Mlango", niliyoitoa mwanangu akitambaa. Mimi nitasimama na gauni nikichezesha midomo. Pleibeki, alisema, wakubwa wote wanafanya. Hakuna kukatika, hakuna kuwikiwa. Na msimu ujao, kisanduku.

"Nitaimba kwa koo langu na kwa kinanda cha Vidole," nikamwambia. "Kama hutaki, tafuta mwingine wa kufungia msimu, na huko mlangoni uwaeleze wenye tiketi."

Akafikiri. Tiketi zimeuzwa kwa jina langu, au kwa la jogoo, yote mamoja. "Na ikikatika tena?"

"Ikikatika, leta kisanduku chako. Hatutakuambia neno."

"Na isipokatika?"

"Bendi inabaki. Yote, na Vidole."

Tukapeana mikono. Nilitoka kwa madaha yote, nikashuka ngazi, nikajifungia chooni, nikaanza kuwahesabu. Mpiga ngoma ana mapacha wadogo. Mpiga gitaa anamtunza baba yake. Nimewaweka wote juu ya koo langu moja bila hata kuwauliza.

Machi 30

Nimewauliza. Mpiga ngoma amesema, "Dada, kisanduku kinakuja vilevile. Afadhali tukizuie na wewe." Kisha akanitania, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwamba nisisahau kudonoa mtama kabla ya onyesho. Nimemtupia taulo. Nimefurahi kweli.

Aprili 4

Nimekutana sokoni na mwalimu mwenzake mwanangu. Kumbe huko shuleni mwalimu mmoja wa kiume aliwika chumba cha walimu, na mwanangu akammwagia uji wake wote mezani, juu ya mitihani. Ameonywa kwa barua. Nami hapa nilikuwa nadhani ananionea haya, maana kila siku ni "Mama, pumzika msimu huu, Mama, usiende". Nilipomuuliza akasema, "Mitihani yenyewe ilikuwa haijasahihishwa, wanafunzi walinishangilia."

Aprili 8

Tunafanya mazoezi hapa nyumbani, Vidole na mimi, na kinanda chake kidogo kati ya madaftari. Hatujaombana msamaha. Alikuja na mkate, nikaukata, yakaisha.

Tumejaribu kwenye ngazi yangu ya siku zote. Nimefika mahali pa juu, safi. Nikamgeukia nikisubiri sifa.

"Umepafikia kwa kucha," akasema.

"Nimepafikia."

"Kwa kucha. Na si leo tu. Mwaka jana pia ulikuwa unapafikia kwa kucha, mimi ndiye niko karibu, nasikia. Tushuke ngazi mbili."

"Tukishuka watasema nimezeeka."

"Umezeeka. Na mimi nimezeeka. Sasa?"

Nikaenda kujifungia bafuni, nikafungua bomba ili asisikie nikilia. Wamenicheka mji mzima sikutoa chozi, nimelia kwa sababu ya mzee mmoja aliyesema kweli. Mahali pale pa juu ndipo nilipokuwa mimi. Nikipaacha, nabaki nani? Mwanamke fulani mwenye hereni kubwa.

Nilipotoka alikuwa amesharudi kwake. Ameacha kinanda kikiwa kimeshushwa ngazi mbili.

Aprili 9

Sijakigusa.

Aprili 11

Nimesikiliza ile rekodi ya zamani, ile Meneja anayotaka niichezeshee midomo. Niliikwepa miaka mingi. Yule binti anaimba vizuri, jamani, nisimnyime haki yake. Sauti inapanda juu bila hata kushika reli. Lakini hajui anachokiomba. Anasema "usifunge" kama mtu ambaye hajawahi kufungiwa mlango na yeyote.

Nimemwita Vidole. Tumeimba chini, ngazi mbili. Mara ya kwanza nilijiona navaa viatu vya mtu mwingine. Mara ya pili nikatulia. Mara ya tatu, nilipofika "usifunge", halikutoka neno la kuruka tena, lilitoka neno zito, lenye msimu huu wote ndani yake, na lilikuwa langu kabisa. Mwanangu alikuwa kasimama mlangoni na kalamu yake nyekundu. Amesikia wimbo huu tangu yuko tumboni. Akasema, "Mama, leo ndiyo nimeelewa maneno."

Nilivimba kwa fahari, na sioni aibu kuandika hivyo.

Aprili 15

Mvua. Mazoezi.

Aprili 20

Mvua. Mazoezi. Mtangazaji ametangaza kwamba atakaa kiti cha mbele, na ameshauri watu waje na mahindi.

Aprili 29

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata hereni, na naandika haraka kabla watu hawajaanza kunisimulia.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Wengine walivaa vilemba vya jogoo vya karatasi nyekundu, wazazi na watoto wao. Kuna mtu aliuza vilemba vile mlangoni na inaonekana alifanya biashara nzuri. Mtangazaji alikuwa mbele kama alivyoahidi, amekunja nne. Chiriku akatangulia na wimbo wake, hereni za shaba zikining'inia, akaimba vizuri ingawa watu walikuwa wakiongea tu, wananingoja mimi. Alipotoka akanishika mkono pale penye pazia, mkono wake baridi kama jiwe.

Vidole aliinamia kinanda, akabonyeza kitufe, akaniangalia, akanyanyua mikono yote miwili hewani ili nione. Mpiga gitaa na mpiga ngoma walipaswa kushuka kunywa maji. Hawakushuka. Walikaa sakafuni jukwaani, pembeni, wakakunja miguu.

Kutoka pazia mpaka maikrofoni si mbali. Leo palikuwa mbali. Kuwika kukaanza kabla sijafika, huku na kule, na vicheko. Nilisimama nikawatazama safu kwa safu mpaka wakaona haya kidogo, kisha nikamwitikia Vidole kwa kichwa.

Ubeti wa kwanza waliongea. Wa pili wakapungua. Walikuwa wameshagundua kwamba wimbo umeshuka, nikaona watu wakinong'onezana, na mtangazaji akamwegemea jirani yake akitabasamu. Nikajua anachosema. Nikafika ubeti wa tatu. Nikasema "usifunge" kule chini nilikolipata, sikulisukuma, nililiacha liende lenyewe, na likafika mpaka mlango wa nyuma. Nililiona likifika. Mwanamke mmoja kwenye safu ya tatu alivua kilemba chake cha karatasi akakishika mapajani kwa mikono miwili.

Nikamaliza. Kimya, kile kimya cha siku ile kabisa. Na kutoka nyuma, mtu akawika, juu kabisa ya sauti yake, na katikati ikampasuka.

Nikaisogelea maikrofoni. "Umeanzia juu mno, kaka. Shuka kidogo, hata mimi nimeshuka."

Vidole, bila kuulizwa, akampigia noti ya kuanzia.

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka namna ile. Walicheka mpaka wakasimama, na waliposimama hawakukaa tena, wakapiga makofi, na yule wa nyuma naye nikamwona akipiga makofi kwa nguvu huku mwenzake anamzaba kofi la mgongo. Tukapigiwa kelele turudie. Tukarudia, ngazi ileile. Mwanangu alilia kwa sauti kuliko kinanda.

Meneja alinipa mkono nyuma ya jukwaa. "Tutaonana msimu ujao," akasema. Nikaushikilia mkono wake mpaka akaongeza, "Wote."

Aprili 30

Asubuhi hii mvua ni manyunyu tu. Niliwasha redio nikinywa chai, sidanganyi, nilitaka kusikia. Mtangazaji alikuwa ameshaanza. Malkia, alisema. Sauti iliyokomaa, somo kwa vijana, yeye binafsi hakuwahi kuwa na shaka. Mwanangu alitoa ulimi kuielekea redio. Mimi niliketi nikajisikiliza nikisifiwa, na kusema kweli ilikuwa tamu.

"Lakini yule binti aliyemtangulia, jamani!" akaendelea. "Yule ni mwimbaji au ni chura?" Akacheza kipande cha Chiriku. Kisha akapenyeza mlio wa chura. Akacheka, akakicheza tena.

Simu yangu ikalia. Ni watu wa redio, wanataka niingie hewani sasa hivi, wana swali moja tu: kama mkongwe, nawashauri nini waimbaji chipukizi wasio na kipaji. Nikawaambia nina mgonjwa wa kumwangalia. Nikazima redio na simu, nikavaa viatu.

Chiriku amepanga chumba juu ya duka la fundi cherehani. Redio ya fundi ilikuwa inapiga kelele ileile, nikamwomba aizime, akaizima. Juu, pazia lilikuwa limefungwa. Nikabisha. Nikabisha tena.

"Nani?"

"Mimi."

Kisha sauti yake, karibu sana na mlango, kama amekaa chini na mgongo ameuegemeza hapo. "Dada, leo siwezi kuonana na mtu."

"Sijaja kuonana," nikamwambia. "Nimekuja kukaa."

Akafungua.